Mcheza kwao hutunzwa: Ligi ya Ivy itafute uwanja huru

Maneno haya niliyasema mbele ya wanafunzi, wazazi na makocha wa mpira wa kikapu wanaozungumza Kiswahili hapa New England. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, kwa kuwa wengi waliomba wayasome kwa utulivu.

Wazee wetu, wazazi wenzangu, makocha, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wote, habari za jioni.

Ligi ya Ivy ina vyuo vinane: Harvard, Yale, Princeton, Brown, Columbia, Cornell, Dartmouth na Penn. Kila Machi ligi hii humpata bingwa wake kwa mashindano ya mtoano, na mashindano hayo huchezwa nyumbani kwa mmoja wa hao wanane. Mwaka mmoja kwa Penn, mwaka mwingine kwa Yale, mwaka mwingine kwa Princeton. Mimi nasema utaratibu huu una dhuluma ndani yake, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ligi yenyewe ilikuwa na utaratibu bora, ikauacha. Mechi za kuamua bingwa zichezwe uwanja huru, ukumbi ambao hakuna chuo hata kimoja kati ya vinane kinachouita wa kwake. Hilo ndilo lililonileta hapa jioni hii, na kabla sijashuka nitawaomba mnisaidie kulifikisha panapohusika.

Kwa wale wasiofuatilia kikapu cha vyuo, nieleze kwa ufupi. Vyuo vya Marekani vya daraja la kwanza vimegawanyika katika ligi zaidi ya 30. Bingwa wa kila ligi anapata tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya taifa ya NCAA, ambayo tangu 2011 yanachukua timu 68 za wanaume. Nafasi zinazobaki hugawiwa na kamati, na kamati huzipeleka zaidi kwenye ligi kubwa. Timu ya ligi kubwa ikifungwa kwenye mashindano ya ligi yake inarudi nyumbani, inaoga, inasubiri Jumapili jioni isomwe kwenye televisheni kama kawaida. Ivy kwa upande wa wanaume imezoea kupeleka timu moja tu. Kijana wa mwaka wa nne akipoteza fainali ya Ivy, basi ndoto ya NCAA kwake imekwisha, hana mwakani. Kwa hiyo tunapozungumzia ukumbi wa fainali hii, tunazungumzia mlango pekee walio nao vijana hawa.

Sasa angalieni msimu wenyewe unavyopangwa. Kila timu inakutana na kila mwenzake mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Mechi 14, nusu kwako, nusu kwa wenzako. Haki ya uwanja inagawanywa kwa mizani tangu Januari hadi mwanzo wa Machi. Halafu inapofika siku ambayo kila kitu kinaamuliwa, mizani inawekwa kando, na mmoja anaambiwa: wewe lala kwenye kitanda chako, wenzako watakufuata.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kila aliyewahi kukaa pembeni ya ngoma anajua kwa nini. Kwenye kikapu kutunzwa huko kunaonekana kwa macho. Mchezaji wa nyumbani amerusha maelfu ya mipira kwenye goli lile lile, anajua kinachoonekana nyuma ya ubao wa kioo, anajua sakafu inavyodundisha. Mgeni anasimama kwenye mstari wa mtupo wa adhabu na mbele yake kuna wanafunzi mia kadhaa wanaopunga mikono na kupiga kelele. Mwenyeji akisimama pale pale, ukumbi unanyamaza kimya mpaka mpira umtoke mkononi. Ndiyo maana msimu mzima tunagawana.

Nianze na 2017, mwaka wa kwanza wa mashindano haya. Kabla ya hapo Ivy haikuwa na mtoano. Ilikuwa ya mwisho kati ya ligi za daraja la kwanza kuuanzisha, na aliyeongoza msimamo mwisho wa msimu ndiye aliyekwenda NCAA. Walipoanzisha, waliita timu nne za juu, za wanaume na za wanawake, wakachagua Palestra, Philadelphia. Palestra ni ukumbi wa heshima kubwa, ulifunguliwa 1927, unachukua watu zaidi ya 8,000, na majukwaa yake yamesogea karibu kabisa na sakafu. Nauheshimu ukumbi ule kwa moyo wote. Lakini ni nyumbani kwa Penn.

Mwaka ule Princeton ilikuwa imecheza mechi 14 za ligi na kushinda zote 14. Penn ilikuwa imeshinda 6 na kupoteza 8, ikaponea kwenye nafasi ya nne. Nusu fainali ikawakutanisha wa kwanza na wa nne, na wa kwanza ndiye aliyepanda basi kwenda kwa wa nne. Timu ambayo haijafungwa na yeyote ndani ya ligi ikaingia ukumbini ikiwa mgeni wa timu iliyofungwa zaidi ya ilivyoshinda! Na Penn karibu waing'oe. Walikuwa mbele mpaka zikiwa zimebaki sekunde zipatazo tano, ndipo Myles Stephens wa Princeton akaugusa mpira uliokuwa umekosa goli, ukarudi ndani, wakalingana. Kwenye dakika tano za nyongeza Princeton ikashinda 72–64, na kesho yake ikaifunga Yale 71–59. Watu wakasema: mnaona, haki imetendeka, bingwa wa msimu amechukua kombe. Mimi nasema haki iliponea kwenye kidole cha Stephens. Mpira ule ungepita sentimita chache pembeni, msimu wa 14 kwa 0 ungekuwa umezikwa kwenye ukumbi wa timu ya nne.

Miaka iliyofuata ngekewa ile haikurudi. Mwaka 2018 mashindano yalikuwa Palestra tena. Harvard na Penn walimaliza msimu sawa, kila mmoja ameshinda 12 na kupoteza 2, na Harvard ndiyo iliyopewa namba moja. Fainali: Penn 68, Harvard 65, mbele ya watu wa Penn. Mwaka 2019 yakahamia New Haven, kwa Yale. Harvard na Yale walimaliza sawa, 10 kwa 4, na Harvard ikawa namba moja tena. Bryce Aiken wa Harvard alifunga pointi 38 kwenye fainali ile, pointi 38 ugenini, na bado Yale ikashinda 97–85. Mwaka 2023 wenyeji walikuwa Princeton. Yale na Princeton walilingana, 10 kwa 4, Yale ikiwa namba moja. Fainali: Princeton 74, Yale 65, ndani ya Jadwin, nyumbani kwa Princeton.

Naomba hapo tusimame kidogo. Tangu 2017 hadi 2025, kwa upande wa wanaume, mwenyeji alifuzu kucheza kwenye mashindano ya kwake mara nne tu. Mara tatu alichukua ubingwa, na mara zote tatu aliyefungwa naye kwenye fainali alikuwa namba moja wa msimu. Mara ya nne ndiyo ile ya Palestra, ambapo timu isiyofungwa ilisalimika kwenye muda wa nyongeza. Miaka mingine mashindano yalipochezwa, mwenyeji hakufuzu: 2022 kwa Harvard, 2024 kwa Columbia, 2025 kwa Brown. Hapo ukumbi uligeuka kuwa uwanja huru bila mtu kupanga, na tazameni fainali zilivyokuwa: Yale 66, Princeton 64. Yale 62, Brown 61, kwa mpira wa Matt Knowling uliomtoka mkononi muda ukiisha. Yale 90, Cornell 84. Mashabiki wa pande zote mbili walikuwa wageni, wakapiga kelele sawa, na vijana wakaamua wenyewe.

Siwavunjii heshima Penn ya 2018 wala Yale ya 2019. Na Princeton ya 2023 ilitoka pale ikaenda NCAA ikiwa namba 15, ikaifunga Arizona iliyokuwa namba 2, ikaifunga Missouri, ikafika timu 16 bora. Walikuwa timu nzuri kweli, na pengine wangeshinda popote. Hilo ndilo linalonisikitisha: tumewanyima nafasi ya kulithibitisha. Kombe lao litabaki na mtu pembeni anayesema, ndiyo, lakini mlikuwa kwenu. Kijana aliyetoka jasho miaka minne hastahili kubebeshwa hiyo "lakini".

Na mkweli lazima aseme na upande wa pili. Kwa wanawake, mwaka 2018 Princeton waliingia Palestra wakawafunga wenyeji Penn 63–34, wala hapakuwa na shaka ya lolote. Mwaka 2024 wakaenda New York wakawafunga Columbia kwenye fainali, ndani ya ukumbi wa Columbia. Timu ikizidi sana, inashinda hata kwenye uwanja wa adui. Lakini kanuni za mashindano zinatungwa kwa ajili ya siku ambayo timu mbili zinalingana, kwa sababu siku hiyo ndiyo kitu kidogo huamua.

Na hapa ndipo ninapofikia jambo ambalo vijana wengi hamlijui, kwa kuwa mlikuwa bado watoto au hamjazaliwa. Ivy ilikuwa na dawa ya siku kama hiyo. Kabla ya 2017, timu mbili zikilingana kileleni, zilicheza mechi moja ya kuamua, na mechi hiyo ilipelekwa uwanja huru. Ilikuwa desturi, na watu waliona ni jambo la kawaida kabisa.

Machi 1996 Penn na Princeton walilingana. Penn walikuwa wamewafunga Princeton mara mbili msimu ule. Ingechezwa Palestra, nadhani mngeweza kubashiri wenyewe. Wakapelekwa Bethlehem, Pennsylvania, kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Lehigh, ambacho si cha ligi hii. Princeton ikashinda 63–56 kwenye muda wa nyongeza. Baada ya mechi kocha wao, Pete Carril, mzee aliyewafundisha tangu 1967, aliandika kwa chaki kwenye ubao wa chumba cha kubadilishia nguo kwamba anastaafu, wachezaji wakalisoma hapo. Siku chache baadaye vijana wale waliwatoa UCLA, mabingwa wa taifa waliokuwa wanatetea kombe, 43–41. Kila anayependa kikapu anaikumbuka mechi ya UCLA, lakini njia yake ilipitia Bethlehem.

Mwaka 2011 walilingana Harvard na Princeton. Harvard haikuwa imeingia NCAA tangu 1946. Mechi ikapelekwa New Haven, kwa Yale, ambapo safari hii Yale haikuwa na chake. Tazameni ramani: New Haven iko kati ya Cambridge, kwao Harvard, na Princeton, basi la huku na basi la kule yote yana safari. Zikiwa zimebaki sekunde 2.8, Harvard inaongoza kwa pointi moja, Princeton wanarusha mpira kutoka pembeni. Douglas Davis anaupokea, anadunda, anamzuga mlinzi, anaruka akiwa ameinama pembeni, anarusha. 63–62. Nusu ya ukumbi imelipuka, nusu imekaa chini imeshika vichwa. Nusu kwa nusu! Hata waliofungwa walijua wamefungwa na mpira.

Mwaka 2015 ikawa zamu ya Harvard na Yale, na hao ndio waliopelekwa Palestra. Aliyeamua mechi ni Steve Moundou-Missi, kijana kutoka Cameroon, aliyefunga zikiwa zimebaki sekunde saba, Harvard ikashinda 53–51. Palestra siku ile ilikuwa halali kabisa, kwa kuwa Penn hawakuwa wakicheza. Kwa hiyo kosa silipeleki kwenye jengo. Palestra ile ile ilikuwa uwanja huru 2015 na uwanja wa nyumbani 2017.

Sasa unganisheni. Mwaka 2018, Harvard na Penn walilingana. 2019, Harvard na Yale walilingana. 2023, Yale na Princeton walilingana. Kwa desturi ya zamani, mara zote tatu tungewapeleka mahali pa katikati. Kwa utaratibu mpya, mara zote tatu waliolingana walikutana sebuleni kwa mmoja wao, na mara zote tatu mwenye sebule akachukua kombe. Tulikuwa na haki mkononi, tukaibadilisha na ratiba ya kupokezana.

Ligi nyingine zilishapita njia hii na tunaweza kujifunza kwao. Ligi ya ACC, ya akina Duke na North Carolina, ilianza mashindano yake 1954 ndani ya Reynolds Coliseum, Raleigh, nyumbani kwa NC State. NC State ikachukua makombe matatu ya kwanza mfululizo. Ilichukua ligi ile mpaka 1967 kuhamia Greensboro, na tangu hapo imezunguka Greensboro, Charlotte na miji mingine. Ligi ya West Coast ilikuwa ikicheza kwa wanachama. Mwaka 2008 San Diego wakawa wenyeji, wakaifunga Gonzaga kwenye fainali nyumbani kwao. Mwaka uliofuata mashindano yakahamia Las Vegas, na hayajaondoka huko.

Big East nayo ilianza kwa kuzunguka: Providence 1980, Syracuse 1981, Hartford 1982. Ule mwaka wa Syracuse, bingwa alikuwa Syracuse, baada ya muda wa nyongeza mara tatu dhidi ya Villanova. Mwaka 1983 wakahamia Madison Square Garden, New York, na wapo pale mpaka leo. Mtu ataniambia Garden si huru kwa St. John's, ambao huchezea pale mechi zao nyingi kubwa, na ni kweli: mwaka ule wa kwanza, 1983, bingwa alikuwa St. John's, na 2025 wamelichukua tena pale pale. Siwezi kulificha. Uwanja huru hupimwa kwa kila mwanachama mmoja mmoja, na ndiyo maana nasema Ivy isikimbilie New York wala Philadelphia wala Boston, ambako tayari kuna mtu wao.

Lakini Garden imetupa sisi Waswahili usiku mmoja ambao siwezi kuuacha. Tarehe 12 Machi 2009, robo fainali, UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, na Syracuse. Katikati ya UConn alisimama Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, ambaye msimu ule alitangazwa mchezaji bora wa Big East pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh, na miezi michache baadaye akachaguliwa wa pili katika nchi nzima kuingia NBA. Dakika 40 ziliisha 71–71. Wakaongeza tano. Wakaongeza tena. Wakaongeza mara sita! Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70. Syracuse hawakuongoza hata mara moja kwenye nyongeza tano za kwanza, wakaja kushinda ya sita, 127–117, saa saba na dakika 22 usiku, na watu bado wamo ukumbini. Jiulizeni: mechi ile ingechezwa Syracuse, ingefika mara sita? Au ingechezwa Connecticut? Kwenye sakafu ya mmoja wao, wimbi moja la kelele lingetosha kuimaliza mapema. Pale walikuwa wageni wote wawili, na hakuna aliyekubali.

Kisa kingine ni cha Atlanta, 14 Machi 2008. Mashindano ya ligi ya SEC yalikuwa Georgia Dome. Alabama walikuwa nyuma kwa pointi tatu dhidi ya Mississippi State, Mykal Riley akafunga mtupo wa pointi tatu muda ukiisha, mechi ikaenda kwenye nyongeza. Wakiwa kwenye nyongeza, kimbunga kikapiga katikati ya jiji na kuchana ukuta na paa la ukumbi ule. Maelfu ya watu ambao wangekuwa barabarani wakirudi hotelini walikuwa bado wamekaa ndani, kwa sababu ya mpira mmoja wa Riley. Ukumbi haukuweza kutumika tena kesho yake. Na hebu tazameni walikokimbilia: ukumbi wa Georgia Tech, chuo cha mji ule ule ambacho si mwanachama wa SEC. Waliingia watu wachache tu, mashabiki wengi wakabaki nje na tiketi zao. Georgia, waliokuwa wameshinda mechi 4 tu kati ya 16 za ligi, walicheza mechi mbili Jumamosi moja, wakashinda zote, Jumapili wakaifunga Arkansas 66–57 wakachukua kombe, tena kwenye sakafu ya mahasimu wao wakubwa. Hata katika dharura, uwanja huru ulipatikana kwa usiku mmoja. Sisi tuna mwaka mzima wa kujiandaa.

Sasa nijibu yale ambayo najua mtaniuliza, maana nimeyasikia mara nyingi.

La kwanza, fedha na viti vitupu. Hili ni la kweli na linanipa shida. Ukumbi wa kukodi una gharama, na hakuna kinachovunja moyo wa mchezaji kama kucheza fainali huku viti vingi vinamtazama bila watu. Lakini kumbi zetu zina shida ya upande wa pili: ule wa Harvard hauchukui hata watu 2,000. Mashindano ya timu nne za wanaume na nne za wanawake, mechi sita mwishoni mwa juma moja, na mzazi aliyesafiri na mtoto wake hana uhakika wa kiti. Kati ya ukumbi wa 2,000 na Garden kuna kumbi nyingi za kadiri, na huko ndiko pa kutafuta.

La pili, wanafunzi hawatasafiri. Katikati ya Machi vyuo kadhaa vinakuwa kwenye likizo fupi, kwa hiyo hata kwenye ukumbi wa chuo wanafunzi wengi hawapo. Ligi iweke mabasi, igawe tiketi sawa kwa kila timu iliyofuzu, na iuze zilizobaki kwa watu wa mji. Hili halihitaji mkutano mrefu.

La tatu ndilo zito: kwa nini aliyeongoza msimu asipewe uenyeji? Ziko ligi zinazofanya hivyo, Patriot na America East kwa mfano, mechi inachezwa kwa aliye juu kwenye msimamo. Nakubali kwamba hilo lina haki yake, kwa kuwa uenyeji unakuwa umechumwa. Kama ligi itakataa kabisa uwanja huru, basi na ichague hilo, nitalipigia makofi. Ugumu wake ni kwamba bingwa wa msimu wa wanaume anaweza kuwa Yale na wa wanawake Princeton, na Ivy imefanya vizuri sana kuwaweka wanawake na wanaume kwenye ukumbi mmoja na mwisho wa juma mmoja. Hilo nisingependa livunjwe. Halafu ukumbi unajulikana siku chache tu kabla, na mzazi wa kutoka mbali anashindwa kupanga safari. Kinachoshindwa na vyote viwili ni hiki tulicho nacho, ambapo uenyeji unatolewa kwa zamu, miaka kabla, kwa chuo ambacho huenda kikamaliza wa nne.

Pendekezo langu ni Springfield, Massachusetts. Mji huu ndiko mpira wa kikapu ulikozaliwa, Desemba 1891, pale James Naismith alipopigilia vikapu viwili vya mapichi kwenye ukingo wa roshani ya jimu na kuwapa vijana wa darasa lake mpira wa soka waurushe humo. Ligi ya MAAC ilileta mashindano yake mjini hapo kuanzia 2012 hadi 2014, kwa hiyo ukumbi upo na wenyeji wanaijua kazi. Hakuna chuo cha Ivy Springfield. Yale wanafika kwa saa moja na kidogo, Brown na Harvard saa moja na nusu hivi, Dartmouth wanashuka na barabara kuu ya 91 moja kwa moja. Columbia wana saa mbili na nusu, tatu kukiwa na foleni.

Penn, Princeton na Cornell wako mbali zaidi, na Cornell kusema kweli wako mbali na kila mtu. Kwa ajili ya Penn na Princeton nasema miaka miwili iwe Springfield, miwili iwe kusini, Allentown, Pennsylvania, jirani na Bethlehem ile ya 1996. Cornell wapewe nauli na chumba cha hoteli usiku wa ziada kutoka mfuko wa ligi, kwa sababu jiografia hawakuichagua. Na aliyeongoza msimu asiachwe mikono mitupu: achague benchi, achague chumba cha kubadilishia, achague saa ya kucheza nusu fainali ili apumzike zaidi kabla ya fainali. Hayo ni matunda halali ya mechi 14.

Ofisi ya ligi iko Princeton, New Jersey, na kila chuo kina mkurugenzi wake wa michezo, ambao kwa pamoja wana sauti kubwa katika jambo hili. Wengi wenu hapa mna mtoto, mpwa au binamu anayesoma kwenye mojawapo ya vyuo hivi, wengine mmehitimu huko, na mhitimu wa Ivy akiandika barua husomwa. Andikeni kwa heshima, kwa ufupi, na msiweke maneno makali. Wekeni miaka mitatu tu, 2018, 2019 na 2023, na mbele ya kila mwaka andikeni nani alikuwa namba moja, nani alikuwa mwenyeji, na nani aliondoka na kombe. Nimechapa mfano wa barua kwa Kiingereza, nakala ziko kwa katibu mezani pale mlangoni, pamoja na anwani zote nane. Vijana mnaocheza msimu huu msiandike nyinyi, tuachieni sisi wazazi na wahitimu, msije mkaonekana mnalilia mechi. Sasa niko tayari kwa maswali, na nimeona mama pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipoitaja Cornell. Karibu, mama.